Mguu Mmoja Kiatu, Mwingine Ndala

Juni, Porirua. Kioo cha dirisha kimelowa kwa ndani.
Unatoka kwenda kazini mguu mmoja kiatu,
mwingine ndala, na ndani ya ndala soksi mbili.
Jirani akiuliza unasema: nimejikwaa.

Kalolo, umejikwaa mara nne tangu Pasaka.
Nyumba hii haina ngazi.

Jongo. Neno fupi, kama mlango uliopigwa na upepo.
Huja saa nane usiku, halibishi hodi,
linaketi kwenye kidole gumba kama mwenye nyumba,
na shuka, shuka tu, la pamba,
lililofuliwa mpaka likawa utando,
linageuka zege.
Nakusikia unavyopumua kwa meno.
Watoto wanajifanya wamelala.

Ugonjwa wa walafi, watu wanasema.
Bia, kome, maini ya kondoo.
Wewe bia uliiacha mwaka aliozaliwa Malia.
Kome unawatazama tu kwenye ndoo ya shemeji
kama mtu anayetazama picha ya zamani.
Lakini aibu haipimwi maabara.
Uliivaa. Ndiyo ile soksi ya pili.

Muuguzi Huriana hakucheka.
Alikufunga mpira mkononi, akavuta damu, na siku ya majibu
akasema: asidi ya yuriki, nukta sita moja.
Figo zako zina mkono wa birika, akaeleza,
cha kutolewa hazitoi,
kinazunguka, kinachoka kuzunguka,
kinaganda fuwele, sindano tupu, penye baridi.
"Umerithi," alisema. "Hukuiba."

Nilitaka kumkumbatia kwa neno hilo.

Kisha akauacha mguu. Akakufunga kitambaa cha presha,
akakubandika nyaya kifuani, nawe ukapandwa na hasira:
"Nimeleta kidole, mbona unauhoji moyo?"

Akauliza, taratibu, habari za Heto.

Heto, kaka yako. Maegesho ya duka kubwa, Jumamosi,
mifuko miwili ya viazi, miaka arobaini na tisa.
Alipoanguka ndala ilimvuka,
ikabaki juu ya mstari mweupe, viazi vikiipita.
Ni mimi niliyeiokota.
Ndala moja, Kalolo. Mguu wa pili ulikuwa na kiatu.

Tulizika moyo. Kidole hakuna aliyekitaja.

"Ndiyo iliyomuua?" nilimuuliza Huriana.
Hakunidanganya. Wataalamu bado wanabishana, alisema:
huenda asidi ndiyo moto, huenda ni moshi tu
wa moto mwingine, wa presha, wa figo, wa sukari.
Walio nayo nyingi huugua moyo zaidi, hilo limehesabiwa.
Kwamba ukiishusha moyo unapona, hilo hakuna wa kuliapia.
"Ila mimi nikiona moshi darini," alisema,
"siketi chini kuuliza. Napanda."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Chako kimevua nguo, kimeingia damuni.

Sasa kuna kisahani karibu na birika:
kidonge cha kidole, kidonge cha presha.
Wiki ya pili jongo likaamka upya, kwa ukali,
kama nyuki waliochokozwa. Tulikuwa tumeonywa,
bado ukavitupa vyote kwenye sinki,
nami nikavivua kwa kijiko cha chai, nikikutukana
kwa Kitokelau cha mama yangu, maneno ambayo
sikujua kama ninayo.

Septemba: nukta nne moja. Huriana anataka chini zaidi.

Usiku naweka sikio kifuani pako.
Linakwenda, linakwenda, halisemi kitu.
Kidole angalau kilikuwa na adabu ya kupiga kelele.

Asubuhi viatu vyako viwili viko mlangoni, vimefungwa kamba,
na nyuma ya ndoo ya rangi, gereji, mahali usipofika,
kuna ndala moja ya buluu, namba kumi na mbili.
Sijakwambia. Kunywa chai, inapoa.